Chembe za kaboni zikififia, si lazima iwe zebaki

Wengi huamini kwamba chembe nano za kaboni (vipande vidogo mno vinavyong'aa chini ya taa ya urujuanimno) zikipoteza mng'ao ndani ya maji ya kisima, basi maji yana zebaki. Sivyo. Kwenye kisima cha Tanga chenye bomba kuukuu, mshukiwa wa kwanza ni kutu.

Kuzitengeneza chembe hizo si kazi kubwa. Yeyusha gramu 1 ya asidi ya sitriki na mililita 0.3 za ethilinidiamini (vaa glavu, mvuke wake unaunguza) katika mililita 10 za maji yaliyokenekwa. Tia kwenye kikombe cha tefloni, kisizidi theluthi mbili, ndani ya chungu cha shinikizo cha maabara, nyuzi 200 kwa saa 5. Usifungue mpaka kipoe kabisa. Chuja, kisha zimua hadi rangi ya kahawia ipotee. Myeyusho mzito humeza mwanga wake wenyewe. Chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365 utaona buluu kali.

Chuma cha feriki (chuma cha aina iliyomo kwenye kutu) hung'ang'ania chembe, na pia hunyonya miale ya taa kabla haijazifikia. Asidi nayo hufifisha. Chumvi ya pwani hufanya kinyume: kloridi huishika zebaki, chembe zikabaki ziking'aa na sumu imo. Hilo ndilo baya zaidi.

Andaa vichupa vitatu: maji yaliyokenekwa, ya kisima, na ya kisima yaliyotangulizwa floridi ya sodiamu kidogo, inayofunga chuma. Tia chembe kiasi kilekile kwenye kila kimoja, kisha vitazame chini ya taa. Cha tatu kiking'aa kuliko cha pili, shuku kutu. Kikomo cha WHO cha zebaki isokaboni ni mikrogramu 6 kwa lita. Kiasi hicho jicho halikioni, tumia spektrofluorimita, chombo cha maabara kinachopima mng'ao.