Je, wajua kwa nini kanda ya dola 80 iliishia kwenye kapu la dola 5?

Aliyeishi Marekani miaka ya 1990 analikumbuka kapu lililokaa karibu na mlango wa duka la kukodisha video. Ndani yake mlirundikwa kanda za VHS zilizokwisha kutazamwa, zimelaliana kama viatu vya mtumba, na kila moja iliuzwa kwa dola chache. Ajabu ni kwamba miezi michache tu nyuma, huenda duka lilikuwa limeinunua kanda hiyohiyo kwa dola 80. Mfanyabiashara gani hununua kwa 80, akauza kwa 5, na kesho yake bado anafungua duka?

Mambo yalianzia Los Angeles mwaka 1977. Kampuni ndogo iitwayo Magnetic Video ilikuwa imepata kibali cha studio ya 20th Century Fox cha kuuza filamu 50 kwenye kanda. George Atkinson, mwenye kiduka katika barabara ya Wilshire, alizinunua kanda hizo na badala ya kuziuza akaanza kuzikodisha. Hollywood haikufurahi: kanda imelipiwa mara moja, inatazamwa na mtaa mzima, na studio haioni hata senti ya nyongeza.

Ila sheria ilikuwa upande wa mwenye duka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1908, kwenye kesi iliyohusu bei ya kitabu, mwenye hakimiliki akishauza nakala hana tena mamlaka juu ya nakala ile. Aliyeinunua aiuze, aigawe, aikodishe, shauri yake. Asichoruhusiwa ni kuinakili. Kwa upande wa muziki wabunge waliuziba mwanya huo mwaka 1984, ndiyo maana biashara ya kukodisha santuri haikushamiri Marekani. Filamu ziliachwa zilivyo.

Studio ziliposhindwa kuzuia ukodishaji, ziliamua kuchukua chao mapema. Filamu nyingi mpya zikawa zinatoka kwa bei ya dola 80 hadi 100 kwa kanda moja. Hiyo haikuwa bei ya mtu anayetafuta cha kutazama Jumamosi na watoto. Ilikuwa bei ya duka. Katuni na filamu chache zilizotarajiwa kuingia kila nyumba ndizo ziliuzwa kwa dola 20 au 30.

Sasa tupige hesabu ya mwenye duka. Akikodisha kwa dola 3, kanda ya dola 80 hurudisha gharama yake ikishatoka mara 27. Wiki za mwanzo filamu inayovuma haikai rafuni: inarudishwa asubuhi, jioni imeshachukuliwa. Kufikia mwezi wa pili imejilipa. Baada ya hapo watu wamehamia kwenye filamu nyingine, na ile ya jana imegeuka kitu kinachokalia nafasi. Kila dola itakayopatikana kapuni ni faida, hata kama bei inafanana na ya chapati mbili na chai.

Mwaka 1998 mambo yalichacha zaidi. Kampuni ya Blockbuster, iliyokuwa na maduka mengi ya kukodisha video, ilikubaliana na studio kubwa kulipa kiasi kidogo kwa kila kanda, kisha kugawana mapato ya ukodishaji. Kwa mpango huo duka liliweza kuweka nakala nyingi mno za filamu moja, ili mteja asiambiwe “zimekwisha”. Lakini nakala hizo zote ziende wapi mtaa ukishaitazama?

Hapa ndipo wawindaji wengi wa bei nafuu hukosea. Kapu halikuwa mahali pa kuokota adimu. Kilichojaa humo ni filamu iliyovuma mwaka uliopita, nakala kumi na tano zenye sura moja. Filamu ya zamani ambayo duka lilikuwa na nakala yake moja tu haikuuzwa, kwa sababu ikiondoka haina mbadala. Wauzaji wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, huita nguo bora za kwenye belo “camera”, na wao huzitoa kwanza. Duka la video lilifanya kinyume: camera yake ilibaki rafuni hadi siku ya kufunga biashara. Ndiyo maana minada ya kufunga maduka iliwapa wakusanyaji kanda ambazo hazikuwahi kutolewa kwenye DVD.

Ukibahatika kukutana na kapu la namna hiyo leo, usitishwe na kila mkwaruzo. Kwenye DVD, tabaka lenye data limebanwa katikati ya plastiki mbili, na deki hulisoma kwa kuzunguka kutoka ndani kwenda nje. Mkwaruzo unaotoka kitovuni kwenda ukingoni hukatiza njia ya mwanga kwa nukta tu, na deki yenyewe huliziba pengo. Unaozunguka sambamba na ukingo ndio mbaya, kwa kuwa huifuata njia hiyo kwa mwendo mrefu. Kwa sababu hiyohiyo, futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe kama unaosha sahani. Kwenye VHS chungulia kidirisha: ukiona weupe kama unga juu ya utepe, hiyo ni kuvu. Iache hapohapo, maana itaambukiza na deki yako.

Na kabla ya kujaza begi la kupeleka nyumbani, tazama nambari ndogo iliyochorwa ndani ya tufe nyuma ya jalada la DVD. Studio ziliigawa dunia kwa maeneo ya mauzo: Marekani ni 1, Kenya na Tanzania ni 5, Oman na Uingereza ni 2. Diski ya dola moja kutoka Chicago ikiingizwa kwenye deki ya Mombasa iliyofungwa kwa eneo la 5, itakachoonyesha kwenye skrini ni ujumbe wa kukataa. Kwa bahati nzuri, deki nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwetu hazijali nambari hiyo hata kidogo.