Ukimfuta mwigizaji, nyumba haibaki

Kazi yangu ni kuhariri upya filamu ili majengo yaliyomo ndiyo yaonekane. Juzi nimeulizwa tena, na safari hii na mtu wa fani: "Kwani kazi yako si kufuta waigizaji ili jengo lionekane? Siku hizi programu inamaliza kwa dakika tano." Ndugu zangu, nimechoka. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo cha hapa.

Chukua filamu Le Mépris ya Jean-Luc Godard, 1963, na ile nyumba nyekundu ya mwandishi Malaparte juu ya jabali kisiwani Capri, Italia. Mwaka 2016, katika kazi yake ya video The Noon Complex, msanii Amie Siegel alimfuta mwigizaji Brigitte Bardot kwenye shoti za nyumba hiyo. Watu wakasifu ufutaji, basi. Hebu itazame kamera! Inageuka polepole kumfuata mtu asiyekuwepo, inatulia alipotulia yeye, inangoja. Nyumba haijapata uhuru wowote. Fremu bado imeshonwa kwa kipimo cha mwili wa yule mwanamke.

Hapo ndipo tunapokesha. Mpiga picha alipanga fremu kwa ajili ya uso, ukuta ukaingia kwa bahati, nusu yake nje, tena nje ya fokasi. Zile ngazi zinazopanuka kadiri zinavyopanda, mpaka paa lisilo na ukingo, utazielewa kwa sekunde tatu? Mimi huokota zile fremu chache kabla mwigizaji hajaingia na baada ya kutoka, nikazipanga kufuata mwelekeo wa ngazi au jua, hadithi nikaiacha. Kujaza tundu aliloacha mwigizaji aliyefutwa, kurudisha chembechembe za picha ya filamu, kuondoa kivuli chake: mafunzo yamejaa mtandaoni, sina la kuongeza.

Na mtengeneza filamu Thom Andersen, katika Los Angeles Plays Itself ya 2003, hakumfuta mtu. Alipanga vipande vya filamu za wengine tu, akalalamika kwamba Hollywood huwapangisha majambazi kwenye majumba ya kisasa, kama nyumba ya Lovell ya msanifu majengo Richard Neutra, 1929, ndani ya filamu L.A. Confidential. Nikimtoa jambazi humo, nakiri, ninachobaki nacho kinafanana sana na tangazo la dalali.

Sauti za hatua huwa siziondoi, maana bila mwangwi siusikii ukubwa wa chumba. Najua vizuri kwamba katika filamu nyingi za zamani hatua hizo zilirekodiwa studio, mtu mwingine kabisa akitembea palepale aliposimama.