STI na S60 R: HP 300 kila moja, ila hazifanani hata kidogo

Watu hawaachi kuniuliza, fundi, nichukue Subaru STI au Volvo S60 R, si zote sedani za turbo na zote HP 300? Kwa karatasi kweli zimekaribiana mpaka inachekesha. Chukua zile za 2004 zilizouzwa Marekani, STI ya Mjapani ni lita 2.5 silinda nne zilizolala, Volvo ya Mswidi nayo lita 2.5 ila silinda tano kwenye mstari mmoja, zote zinavuta tairi nne na zote breki ni Brembo.

Sasa mimi gari naanza kuliangalia chini, boneti baadaye. STI injini imekaa kwa urefu wa gari, difu ya kati inagawa nguvu asilimia 35 mbele na 65 nyuma, halafu pale kati ya viti kuna kagurudumu unakazungusha na kidole kukaza au kulegeza hiyo difu mwenyewe. Volvo injini imekaa kwa upana, nguvu karibu yote inaenda mbele, nyuma inaamshwa na Haldex (klachi inayounganisha tairi za nyuma) pale tairi za mbele zikianza kuteleza. Haldex inawahi sana, sibishi, ila ukikanyaga mafuta katikati ya kona utasikia pua inataka kutoka nje kwanza, wakati STI nyuma ndo inakusaidia kugeuka. Kwenye kona kwangu hakuna mjadala, STI.

Lakini we unakata kona saa ngapi kwa siku? Volvo ya gia za mkono inakupa torque (nguvu ya kuvuta) ya Nm 400 kuanzia rpm 1,950 na inazishikilia mpaka 5,250, STI yake inafika kilele kwenye 4,000, kwa hiyo chini ya 3,000 ni gari tu la kawaida linalonguruma vizuri. Safari ndefu, ku-ovateki bila kushusha gia, viti, hapo Mswidi kashinda, na shokapu zake unabadilisha kwa batani, Comfort, Sport, Advanced (hiyo ya tatu ni ngumu balaa, barabara mbovu utaizima mwenyewe). Kugeuza ndo shida, inataka uwanja mzima.

Kabla ya kununua. S60 R ipeleke kwenye changarawe, gia ya kwanza, kanyaga: mbele zikizunguka bure na nyuma zimetulia tuli, mara nyingi meno ya ile bushi inayounganisha gia boksi na shafti ya nyuma yamelika, au Haldex yenyewe. STI pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote, hasa ya nne, maana pistoni zake hupasuka kati ya ringi na ringi injini ikigonga (mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda), na iliyoongezwa presha ya turbo kwa programu ya kubahatisha ndo ya kwanza kufa. Ya nne ikisoma chini kuliko wenzake, hiyo injini ni ya kufungua, kata hela hiyo kwenye bei mapema.