Msuli Uliojificha Nyuma ya Shavu la Mguu

Wengi wanaokuja kwangu kwa maumivu ya kisigino hushika shavu la mguu na kuniambia, "Daktari, ni huu msuli hapa." Huwa wameshika ule wa juu, unaotuna mtu anaposimama kwa ncha za vidole. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mara nyingi ninayemtilia shaka kwanza ni jirani yake wa chini, asiyeonekana.

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa iliyolaliana. Wa juu huitwa gastroknemiasi. Una vichwa viwili vinavyoanzia kwenye mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Chini yake umelala soleasi, mpana na bapa, uliopewa jina kutokana na neno la Kilatini la ndara. Huu huanzia chini ya goti, kwenye goko na mfupa mwembamba wa pembeni yake. Yote miwili huungana kwenye kano ya Akilesi, kano nene kuliko zote mwilini, inayoshika kisigino.

Tofauti hiyo ya mahali pa kuanzia ina maana kubwa. Ukikunja goti, gastroknemiasi hulegea na nguvu zake hupungua. Soleasi haivuki goti, kwa hiyo kazi yake haibadiliki.

Sasa simama wima. Uzito wako unaangukia mbele kidogo ya kifundo cha mguu, na pasipo kitu cha kukuvuta nyuma ungeanguka kifudifudi. Kinachokuvuta, dakika baada ya dakika, hasa ni soleasi. Nyuzi zake nyingi ni za aina inayojikaza polepole na kuchelewa kuchoka. Ndani yake mna vena pana, mishipa inayorudisha damu moyoni, na kila inapojikaza huzikamua, damu ikapanda kuelekea moyoni huku vali, vilango vidogo vilivyo ndani ya vena, zikiizuia isirudi. Ndiyo sababu miguu huvimba mtu akikaa au akisimama muda mrefu bila kusogea. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya vena.

Linalonisikitisha ni kuona watu wakijinyoosha kwa miezi, mikono ukutani na goti limenyooka, bila nafuu. Mkao huo huunyoosha zaidi msuli wa juu. Kaa vivyo hivyo, kisigino chini, kisha kunja goti la mguu wa nyuma: mvuto utashuka karibu na kisigino. Hapo ndipo soleasi inanyooka.

Chini zaidi ya soleasi kuna misuli mingine mitatu myembamba. Ninaoujali kuliko yote ni tibialisi ya nyuma. Kano yake hupinda nyuma ya jicho la mguu la upande wa ndani, ikaingia chini ya unyayo na kulishikilia tao lake. Mtu akisimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, mimi hukaa nyuma yake nikitazama kisigino. Kinapaswa kuelekea ndani kidogo kinapopanda. Kisipofanya hivyo, au asipoweza kupanda kabisa, naanza kuichunguza kano hiyo kabla tao halijaporomoka.

Misuli ya mbele ya goko huinua unyayo usiburuze unapopiga hatua, na ya upande wa nje huzuia kifundo kisiteguke kwa ndani. Unyayo wenyewe una misuli yake midogo, matabaka manne, juu ya utando mgumu unaotoka kisigino hadi vidoleni. Ukiwa umesimama, mwombe mtu akuinulie kidole gumba cha mguu: utando huo utakazika na tao litapanda lenyewe.

Kwa soleasi dhaifu, naanza na zoezi la kiti. Keti magoti yakiwa yamekunjwa, weka mzigo juu ya mapaja karibu na magoti, inua visigino taratibu, kisha vishushe taratibu zaidi. Msuli huanza kuitika mapema, lakini kano hubadilika polepole, kwa hiyo huwa nasubiri wiki 12 kabla ya kusema zoezi limeshindwa.