Huduma si ya mchungaji peke yake

Wengi wetu tumezoea kusema, "Mimi ni muumini tu, kazi ya Mungu ina wenyewe." Wenyewe ni nani? Mchungaji, wazee wa kanisa, labda na kwaya.

Soma Waefeso 4:11-12 polepole. Wachungaji na walimu wametolewa ili wawaandae watakatifu, na hao watakatifu ndio waifanye kazi ya huduma. Na "watakatifu" kwa Paulo ni waumini wote, si waliokwisha kufa.

Warumi 16 ndiyo inayonigusa zaidi, ingawa wengi huiruka kwa kudhani ni salamu tu. Yumo Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Wamo Priska na Akila, mafundi wa kushona mahema, ambao kanisa lilikutana nyumbani kwao. Katika mstari wa 22 anachomoza Tertio, aliyeshika kalamu Paulo akisema. Bila mwandiko wake, waraka huo ungetufikiaje?

Basi anayepanga viti kabla ya ibada, au anayekwenda kumwona mgonjwa jioni, hamsaidii mchungaji kazi yake. Anafanya ya kwake.