Wenzake Leonidas wako wapi? Watu wanaofutwa na vitabu vya majemadari wa Ugiriki ya kale

Nafundisha historia ya Ugiriki ya kale, na karibu kila mwanafunzi anayeingia darasani kwangu anamfahamu Leonidas kabla hajamsikia Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa vita vile. Ni Leonidas wa vitabu vya kusisimua na vya kufundisha uongozi: mfalme wa Sparta aliyesimama na watu 300 pale Thermopylae, njia nyembamba kati ya mlima na bahari, mwaka 480 KK, akakabili mamilioni ya Waajemi. Kosa dogo la tarehe au la silaha naweza kulivumilia. Linaloniudhi ni jemadari kukuzwa kwa kuwafuta waliopigana naye, maana habari zao tunazo.

Herodotus, aliyeandika miaka hamsini hivi baada ya vita, anawahesabu mji kwa mji. Wasparta 300, ndiyo. Lakini pia 500 wa Tegea, 500 wa Mantinea, 400 wa Korintho, 700 wa Thespiae, 400 wa Thebes, Wafokia 1,000, na hata 80 wa Mycenae. Orodha yake ukiijumlisha yote inapita 5,000. Lilikuwa jeshi la muungano, na vikosi vyake vilipokezana zamu mstari wa mbele.

Siku ya tatu, Waajemi walipoonyeshwa njia ya mlimani, wengi waliondoka. Hapo vitabu vingi huwabakiza Wasparta peke yao. Sivyo ilivyokuwa. Watu 700 wa Thespiae walikataa kuondoka, wakafia palepale na kiongozi wao Demophilus, mwana wa Diadromes. Thespiae ulikuwa mji mdogo. Kupoteza wanaume 700 wenye silaha nzito kwa asubuhi moja ni msiba ambao Sparta, kwa watu wake 300, haikuupata. Kisha Xerxes, mfalme wa Waajemi, akauchoma mji wao. Mwaka uliofuata, kwenye vita vya Plataea, Herodotus anawataja watu 1,800 wa Thespiae waliokuja kupigana tena, safari hii bila silaha nzito. Pale Thermopylae mnara wa Leonidas ulisimamishwa mwaka 1955. Watu wa Thespiae walisubiri wao hadi 1997.

Wako waliofutwa mapema zaidi. Baada ya vita, Xerxes aliwaita wanamaji wake waje kutazama maiti. Wafu wake mwenyewe, anasema Herodotus, walikuwa 20,000. Akawazika wengi kwa siri na kubakiza 1,000 tu juu ya ardhi. Watazamaji wakadhani maiti zote za Kigiriki ni za Wasparta na watu wa Thespiae, kumbe walikuwamo pia heloti, watwana waliowalimia Wasparta mashamba. Idadi yao haikuandikwa.

Mamilioni ya Waajemi nayo yanatoka kwa Herodotus, anayefikisha 5,283,220 pamoja na watumishi waliofuatana na jeshi, kisha yeye mwenyewe anastaajabu chakula kilitosha vipi. Wanahistoria wengi leo wanakadiria kati ya laki moja na laki tatu. Na lile jibu maarufu la Leonidas alipoamriwa kusalimisha silaha, "njoo uzichukue", kwa Herodotus halimo kabisa. Tunalipata kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zaidi ya miaka 500 baadaye. Ni sawa na mwandishi wa leo kunukuu neno kwa neno alichojibu sultani wa Malindi mbele ya Vasco da Gama mwaka 1498, bila kutaja amekitoa wapi.

Vita vya Marathon, Waathene walipowashinda Waajemi mwaka 490 KK, vimefanyiwa hivyo hivyo. Vitabu humpa jenerali Miltiades ushindi wote. Athene ilikuwa na majenerali kumi, na kura zao ziligawanyika nusu kwa nusu: kupigana au kungoja. Kura ya kuamua ilikuwa ya Callimachus, ofisa mkuu wa vita. Alikubali kupigana, akaongoza ubavu wa kulia, akauawa kwenye mapambano ya kuziwania meli. Ubavu wa kushoto ulishikwa na watu wa Plataea, ambao hawakuwa Waathene. Miltiades aliishia vibaya: alishindwa kuuteka mji wa Paros, akatozwa faini ya talanta 50, akafa kwa jeraha lililooza. Vitabu vya uongozi hufunga sura yake kabla ya hapo.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa nchi za Juma Ikangaa na Eliud Kipchoge, ifahamike kwamba mkimbiaji wa Herodotus, Pheidippides (au Philippides), anayehusishwa na mbio za marathoni, hakukimbilia Athene kutangaza ushindi na kuanguka. Alitumwa Sparta kabla ya vita kuomba msaada, mwendo wa kilomita 240 hivi, akafika siku ya pili. Yule mtangaza habari anayekata roho anatokea kwa Plutarch, akiwa na jina jingine, na ni mwandishi Lucian, karne ya 2 BK, anayempa jina tulilolizoea.

Kwa Aleksanda Mkuu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna hata simulizi moja kamili ya mtu aliyekuwa naye iliyotufikia. Mwanahistoria Arrian, tunayemtegemea kuliko wote, aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya kifo cha 323 KK. Alimwamini Ptolemy, jenerali wa Aleksanda, kwa hoja kwamba mfalme kusema uongo ni aibu kubwa. Ptolemy huyo ndiye aliyeuteka mwili wa Aleksanda njiani na kuupeleka Misri, akajifanya mfalme huko. Alikuwa na kila sababu ya kuisimulia habari kwa faida yake.

Hata maneno ya mwisho, kwamba ufalme auchukue "aliye na nguvu zaidi", Arrian anayaleta kama habari ya waandishi wengine tu. Shajara za kifalme anazozitaja zinasema Aleksanda alikuwa hawezi tena kusema. Askari walipita mmoja mmoja kitandani pake, naye akawaamkia kwa kuinua kichwa kwa shida na kwa macho.