Maana ya giaboksi kuteleza, na namna ya kuitofautisha na ubovu wa injini

Dereva anayepanda Mlima Kitonga kwa gari la otomatiki, akakanyaga mafuta na kuuona mshale wa mizunguko ya injini ukiruka kutoka 2,500 hadi 4,500 huku mshale wa spidi ukigoma palepale kwenye 40, aghalabu husema gari limeisha nguvu, na akifika Iringa humtaka fundi aangalie injini. Injini hiyo huenda haina tatizo lolote. Hali hiyo ndiyo mafundi huiita giaboksi kuteleza, yaani nguvu inazalishwa na injini kama kawaida, lakini sehemu yake inapotelea ndani ya giaboksi kabla ya kufika kwenye matairi.

Chanzo chake hakiko mbali na oili. Ndani ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki mna pleti nyembamba za klachi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kinachozibana ili zizunguke pamoja ni mgandamizo wa oili inayosukumwa na pampu. Oili ikipungua kwa sababu ya sili inayovuja, au ikichoka, au vali zinazoigawa zikishikwa na uchafu, mgandamizo hushuka na pleti huanza kusuguana badala ya kushikana. Msuguano huzaa joto, joto huiunguza oili, na oili iliyoungua hulainisha vibaya zaidi. Ndiyo maana gari lililoteleza mara moja kwa wiki huweza, baada ya muda mfupi, kuteleza kwenye kila kilima.

Injini iliyochoka yenyewe haifanyi hivyo. Unapokanyaga mafuta, mizunguko hupanda kwa uzito au haipandi kabisa, na spidi nayo hubaki chini. Mishale yote miwili huzembea pamoja. Ikiwa gari linamisi, kwa kuwa plagi au koili ya silinda moja haichomi, utahisi mtikisiko hata gari likiwa limesimama, na taa ya injini kwenye dashibodi huweza kumweka. Mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, husaidia hapa: kodi za P0300 na zinazoifuata huhusu silinda kumisi, wakati P0730 huashiria kwamba uwiano wa gia si ule uliotarajiwa. Mshindo unaosikika unapoingiza D nao usikupeleke moja kwa moja kwenye giaboksi, kwani mpira wa kushikilia injini uliokatika hutoa mshindo uleule na kuubadilisha ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na kufungua giaboksi.

Kwa gari la gia za mkono, kinachoteleza kwa kawaida ni klachi, na kipimo chake ni rahisi: vuta breki ya mkono hadi mwisho mahali tambarare pasipo na mtu mbele, ingiza gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma, klachi imelika.

Kwenye otomatiki, anza na oili kabla ya kukubali gharama nyingine yoyote. Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia husomwa injini ikiwaka na oili ikiwa ya moto, baada ya mkono wa gia kupitishwa kila nafasi na kurudishwa P. Honda nyingi husomwa mara tu baada ya injini kuzimwa, kwa hiyo kitabu cha gari kinastahili kuaminiwa kuliko mazoea ya gereji. Pangusa kijiti kwenye karatasi nyeupe. Aina nyingi za oili hii huwa nyekundu zikiwa mpya. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, pleti zimekwishaanza kuliwa, na ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji ya rejeta yamepenya ndani.

Oili ikiwa imepungua tu, kuziba panapovuja na kujaza aina iliyoandikwa na mtengenezaji huweza kumaliza tatizo. Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia, zina oili yake, na kuzitia ile ya otomatiki ya kawaida ni kuziharibu kwa mkono wako. Pleti zikishaungua, hakuna oili mpya wala chupa ya dawa ya dukani itakayozirudisha. Hapo ni kufungua na kubadilisha pleti, au kununua giaboksi nyingine, ambayo ikiwa ya mtumba ijaribiwe ikiwa ya moto na kwenye mlima.

Gari likikataa kabisa njiani, usikubali livutwe kwa kamba matairi yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini, hivyo injini ikiwa imezimwa vyuma vya ndani huzunguka vikavu. Tairi hizo zinyanyuliwe, au gari lote lipakiwe.